Sanduku la Namba ya Siri

Felicitas alibandika sikio kwenye sanduku la chuma, akamwashiria mkurugenzi aache kutafuna karanga.

Alikuwa kwenye usaili, Ubungo. Sanduku lenyewe lilikuwa refu kama kabati la nguo, na ndani yake, aliambiwa, kuna mashine ya kutunza siri za wateja. Akiipata namba ya tarakimu nne kabla ya saa kumi, ameajiriwa. Akishindwa, anarudi Gongo la Mboto kwa baba yake, aliyeuza kiwanja amsomeshe fani ambayo mpaka leo mzee hajaielewa.

"Sasa mashine utaijuaje bila kuifungua?" mzee alimuuliza tena asubuhi hiyo.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo! Wengine hukesha wakipambana na mahesabu. Felicitas huchungulia kinachovuja pembeni: joto, mlio, sekunde za kusita. Mashine hujisaliti yenyewe, maskini.

Alibonyeza 1000. Taa nyekundu ikawaka baada ya sekunde mbili. 2000, mbili. 7000, sekunde tatu.

"Nimekushika," alinong'ona. Tarakimu ikiwa sahihi, mashine inachelewa kukataa.

Ilipolia adhana ya adhuhuri, mashine ikanyamaza dakika kumi nzima. Aliandika daftarini: vipaza sauti vya msikiti vinaiingilia. Baada ya chakula cha mchana ikawa inazubaa, joto limepanda, kila jibu ni kwa kujivuta. Aliandika: inahitaji kupozwa.

Saa kumi kasoro dakika tano, alibonyeza 7305. Taa ya kijani! Felicitas alilia palepale, wala hakuona haya.

"Umetisha, sista," alisema mkurugenzi, Bwana Audax. "Miaka sita sijaona mtu anayeielewa hii mashine kama wewe. Kazi yako. Unaanza kesho."

Akazunguka nyuma ya sanduku na kufungua komeo. Akatoka mzee mmoja, fulana imelowa jasho, amekumbatia mto na karatasi ya namba.

"Shikamoo," alisema Felicitas.

"Marahaba, mwanangu. Mie nastaafu leo." Mzee akamkabidhi mto. "Feni imo humo ndani, ila usiiwashe wateja wakiwepo."