Ufadhili wa Mashavu

Nitegulieni hiki, wajukuu: vazi gani halichakai hata mwenyewe akizikwa? Ni jina, wanangu.

Chuo kile kidogo kilijengwa na mama aliyefiwa na bintiye, Mashavu. Msichana anayesomeshwa bure huitikia jina la marehemu siku ya kwanza. Asipoitika, anarudishwa kwao.

Mama huyo, sasa kikongwe, alifungua daftari. "Mashavu?"

Aliyepaswa kuitika ni Tunu, msichana mgeni wa siku hiyo; akainamia dawati lake. Mwenzake akamfinya. "Itika, wewe! Au umeshaukumbuka muhogo wa kwenu?"

"Mashavu?" kikongwe akarudia, kalamu ikielekea kulikata jina la Tunu.

Tunu akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, kwenye dawati tupu nyuma yake mtu akakohoa, akajibu taratibu, "Nipo, mama."