Kiganja cha Mama

Zama hizo ushahidi wa mdomo haukukubalika tena. Kumbukumbu ilivutwa kichwani kwa mashine, ikatiwa chupani, na iliyotoka haikurudi kwa mwenyewe.

Sekela alikuwa akiandika maisha ya Nabii Atuganile, mwanzilishi wa Kanisa la Chemchemi. Waumini waliapa kwamba alifufua kichanga. Wapinzani walisema mtoto alikuwa amelala tu. Shahidi pekee aliyebaki hai ni mama yake Sekela, na kichanga chenyewe kilikuwa Sekela.

Tangu siku ile, kila walipoagana, mama alimwekea kiganja puani kuhakikisha anapumua, hata mbele za watu.

"Mama, tuache tu," Sekela alisema, mashine ikiwa mezani.

"Weee! Miaka kumi unazunguka Rungwe nzima kuutafuta ukweli, ukifika kwangu unaogopa? Hebu washa."

Akawasha.

Jioni aliitia chupa mkobani, akamwinamia mama mlangoni. Mama akamkaza kitenge begani, basi.

"Mbona unanisogezea pua, mwanangu? Una mafua?"

Sekela akabana pumzi, akazidi kungoja.