Pimbi Aliyeogopa Kukosea

Hapo kale Kakakuona aliishi peke yake shimoni, na kosa la lugha lilimuuma kuliko siafu. Nungunungu akilalamika, "Mguu yangu inauma," yeye hakuuliza mguu una nini. Alisema tu, "Mguu wangu unauma." Wanyama wakaanza kumkwepa. Aliyebaki kumtembelea ni jirani yake Pimbi, mpiga soga ambaye maneno yalimtoka kombo. Kakakuona alimkatiza kila mara, akidhani anamsaidia.

Asubuhi moja Pimbi alikuja, akakaa mlangoni. Kisha akasema taratibu, "Mume wangu amefariki dunia."

Hakukuwa na kosa hata moja. Kakakuona akangoja aendelee, lakini Pimbi hakuendelea.

"Pole sana, jirani. Amepatwa na nini?"

"Habari yake ni ndefu," Pimbi akajibu. "Nikiieleza yote nitakosea."

"Kosea tu, dada! Sema vyovyote vile."

"Hayo machache nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Mengine siyawezi." Akainuka, akaenda kwa Nungunungu.

Kakakuona alimfuata kwa mbali, akasimama nje ya pango. Ndani, Pimbi alikuwa akilia na kusimulia, maneno yakimtoka ovyo, na Nungunungu akimwitikia, "Pole, dada yangu. Mume yako ilikuwa mwema sana."

Kakakuona alitamani kuingia akae nao. Lakini alijua kwamba akionekana tu mlangoni, Pimbi atanyamaza. Basi akageuka, akarudi shimoni kwake.