Sanduku la Simu Kuukuu

Bwana Muhuri alipigwa picha mara tatu ndipo akaridhika. Katika ya kwanza alifumba macho. Katika ya pili tumbo lilitangulia kufika kwenye sanduku. Katika ya tatu alitoka vizuri: karani mkuu, tai shingoni, akitumbukiza simu mbovu kwenye sanduku la kijani lililoandikwa SIMU KUUKUU SI TAKATAKA.

"Tuwe mfano," aliwaambia makarani waliokuwa wakisubiri kwa hamu kurudi kwenye viti vyao. "Betri hizi zikitupwa jalalani, sumu yake inafika mpaka visimani."

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Aliyaokota kwa mkewe, mezani, wakila. Siku hiyo alimcheka mpaka akapaliwa. "Wafagizi nao siku hizi wana maoni!"

Maana mkewe, kwa akili yake, alikuwa mfagizi. Alipopata kazi kwenye ghala la vifaa vibovu, Bwana Muhuri hakuuliza kazi gani. Ghala lina vumbi, vumbi linataka ufagio. Hesabu ikaishia hapo. Tangu siku ile nyumbani humwita Mama Ufagio, na mwanamke hucheka kidogo, akaendelea na shughuli zake.

Simu aliyoitumbukiza haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, yenye doa la rangi nyekundu ya kucha mgongoni. Miaka mitatu iliyopita ujumbe uliingia humo mwenyewe akiwa bafuni: chuo cha ufundi kimemchagua, je, atakuja? Bwana Muhuri akamjibia: "Asanteni. Nimeghairi, sitakuja." Kisha akaichovya simu kwenye ndoo ya maji, akasema imemteleza. Wiki iliyofuata akajitia huruma, akaenda chuoni eti kumwangalizia jina, akarudi na uso wa msibani.

"Halimo, mama. Pole. Ufundi si kazi ya kila mtu."

Mkewe alilia siku mbili. Yeye alilala usingizi wa pono.

Simu ile iliyokufa aliichukua yeye, ikabaki kwenye droo yake ya ofisini. Kuitupa, aliwahofia waokota taka, wasije wakaifufua na kumuumbua. Kuiponda kwa nyundo, betri ilikuwa imevimba, na yeye kwa woga hana mpinzani. Lile sanduku la kijani lilipoletwa ofisini, aliliona kama limeagizwa kwa ajili yake.

Mchana ule dereva wa gari la kukusanya alikuja kulibeba.

"Zinasagwa kweli?" Bwana Muhuri alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Zote, mzee. Fundi akishazifuta."

"Huyo fundi hachungulii mambo ya watu?"

Dereva alicheka. "Fundi wetu anapitisha simu mia kwa siku, mzee. Atamkumbuka nani?"

Bwana Muhuri akaigonga stakabadhi muhuri mmoja mzito, akaufuatishia wa pili usiohitajika. Gari likaondoka na sanduku, naye akashusha pumzi aliyoibana miaka mitatu. Jioni ile alikula sahani mbili.

Siku tatu baadaye alirudi nyumbani na jarida la ofisi, picha yake ukurasa wa mbele, akilipeperusha tangu mlangoni. Mkewe alikuwa ameketi mezani, bado na viatu vya kazi miguuni, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama Ufagio! Njoo umwone mumeo anavyookoa visima. Na wewe leo umefagia nini?"

Safari hii hakucheka. Alisogeza kikombe cha chai kando, akaweka mezani simu yenye doa jekundu mgongoni. Akaigeuza. Kioo kilikuwa kinawaka, na Bwana Muhuri aliposogea akayasoma maneno: Asanteni. Nimeghairi, sitakuja.

"Kazini kwetu simu haifutwi mpaka iwashwe kwanza," alisema. "Na mwaka wa pili sasa, anayeziwasha ni mimi."