Chombo Kitupu

Kila Alhamisi Bi Arafa alifika kwenye kiwanja kidogo cha ndege na hotipoti ya wali wa nazi, akamkabidhi Kibwe, karani wa mizigo, usafirishwe kwa bintiye Hadia. Ni kilomita mia na arobaini, dakika thelathini na tano angani, na wali hufika ungali moto. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda. Siku ya harusi ya Hadia aliapa hatakanyaga nyumba ya mkwe wake.

Hotipoti ya wiki iliyopita hurudi na kitu: vileja, ndizi mbivu, hata ndimu tatu. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hadia alifunzwa hivyo na mama yake.

Leo Bi Arafa aliifunua iliyorudi. Imeoshwa, imekaushwa, haina kitu.

"Vitu vimemwagika njiani?"

"Hapana, mama. Rubani kasema Hadia alimpa vivyo hivyo."

Akainusa. Sabuni tu. Akaitazama ndege iliyokuwa ikipakiwa mizigo.

"Nafasi ipo?"

"Ipo moja. Ila ndege ni ndogo, abiria nao tunawapima."

Bi Arafa akavua viatu kana kwamba anaingia nyumbani kwa mtu, akapanda kwenye mzani, wali wa moto ameukumbatia kifuani. Mshale ukapanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Simama utulie, mama."

"Mbona nimetulia," alijibu, na mshale bado ulikuwa ukitetemeka.