Pima Arobaini

"Pima ni mita," kaka mtu alisema, akigonga meza ya afisa ardhi kwa kidole. "Ni jina la kizamani tu."

Dada yake, mshona nguo, aliinuka akanyoosha mikono yote miwili, nusura ampige karani kofi. "Pima ni hii! Ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Baba ni mmoja, usinifanye mtoto."

Mezani ulilala wasia wa marehemu: binti apewe pima arobaini kutoka barabarani, kinachobaki ni cha kaka. Afisa alishapiga hesabu. Ni mita sabini na mbili, au ni arobaini. Hizo thelathini na mbili za katikati ndizo zilizowafanya ndugu wa tumbo moja wasisalimiane mwezi mzima.

Mara ya mwisho kaka alimfuata hadi kwenye cherehani yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, liache shauri hili. Utaumia." Dada alimtimua, mkasi mkononi. Vitisho hivyo akatishie wengine.

Wasiwasi hakuwa nao. Siku baba alipopima kiwanja, aliyeshika ncha ya pili ya kamba alikuwa mumewe, fundi mwashi. Na asubuhi ya kuja hapa kwa afisa, mume alimpigia pasi gauni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Tulia, mke wangu. Kamba niliishika mimi."

"Haya, fundi," afisa akamgeukia. "Mzee alipima kwa mikono au kwa mita?"

Mwashi akakohoa. Akatazama viatu vyake.

"Kwa mita."

Mshonaji alimkodolea macho, akisubiri mzaha uishe. Haukuisha. Afisa aliandika arobaini, akagonga muhuri.

"Kaka amekupa nini?" akamuuliza mumewe.

Kaka ndiye aliyejibu, naye hakumtazama. "Nimemuuzia kile kipande, dada. Alikitaka kwa bei ya chini, nami nilikuwa na shida."

Hasira ilimpanda mshonaji, kisha ikashuka kidogo. Si bado kitakuwa cha kwao? "Baba watoto," akasema, "ungeniambia tu. Tungejenga wote."

Afisa akafunua hati ya mauzo. "Hapa hakuna tatizo," akasema. "Mke wa mnunuzi ameshasaini."

Akaigeuza hati upande wa mshonaji. Juu ya sahihi ilibandikwa picha ya mwanamke ambaye hajapata kumwona.