Nyota za Kimbunga

Kilio kilipasuka tena chini ya dirisha la Mwalimu Mkuu, na kama kawaida Kimbunga ndiye aliyefika wa kwanza. Alipiga magoti mchangani, akamkumbatia mwenzake, akampigapiga mgongoni kama mzee aliyekuja msibani.

"Pole, rafiki yangu. Nyamaza, yataisha," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Mwalimu Mkuu alitoka mbio, stika ya nyota imemganda kidoleni. Aliyekuwa akilia, mtoto mnene ambaye wenzake walimwita Bonge, alikwisha nyamaza, na mashavu yake yalikuwa makavu kama chaki.

"Unaona?" Mwalimu Mkuu alimwambia mwalimu wa darasa. "Hata machozi ameshamfuta!"

Mwanzoni mwa muhula, Kimbunga huyuhuyu alikuwa na mguu mmoja nje ya chekechea ile. Alikuwa haketi mkekani, hapangi foleni, na aliwahi kumng'ata mtoto wa mjumbe wa bodi, kosa ambalo lingekuwa dogo kama angemng'ata mtoto mwingine. Mama yake, fundi cherehani, aliitwa ofisini akakalishwa kwenye kiti cha watoto, magoti yakakaribia kidevu.

"Mama, hapa si zizini," Mwalimu Mkuu alimwambia. "Mstari wa mwanao kwenye chati ya tabia njema usipojaa nyota kabla hatujafunga shule, mtafutie pengine."

"Pengine ndiyo wapi, Mwalimu? Shule zote za jirani zimeshamrudisha. Nikikaa naye nyumbani, nani atanishonea nguo za watu?"

"Chati haina upendeleo, mama."

Chati yenyewe ilitoka semina. Mwalimu Mkuu alirudi na cheti, akakitia fremu, kisha akabandua michoro yote ya watoto ukutani ili apate nafasi ya kubandika picha zake. Alizichora mwenyewe: mtoto ananawa mikono, mtoto anavua viatu, mtoto ametulia mkekani. Ya mwisho ilikuwa ya kumfariji mwenzako anayelia, vichwa viwili vilivyobanana kama viazi vya gunia moja. Kila tendo jema lilikuwa na nyota yake, na mstari ukijaa, mtoto amekwisha adilika. Watu wazima hupenda sana wema unaobandikika ukutani.

Wiki ya kwanza Kimbunga hakupata nyota hata ya dawa.

"Anatoka mkekani ovyo," Mwalimu Mkuu alilalamika.

"Anakwenda kuwashikia wenzake mlango wa choo, Mkuu," mwalimu wa darasa alisema. "Komeo lilikatika tangu muhula uliopita. Wanaogopa kufunguliwa."

"Kushika mlango hakumo kwenye picha."

"Basi tungenunua komeo."

"Na stika tungenunua kwa pesa gani?"

Kisha siku moja Bonge aliteleza kweli kwenye bembea, akaangua kilio, na Kimbunga akamnyanyua. Mwalimu Mkuu aliona. Akambandikia nyota mbele ya darasa zima, akamwinua mkono juu kama bondia aliyeshinda.

Tangu hapo nyota zikawa mvua. Asubuhi analia huyu, mchana analia yule, na kila anayelia Kimbunga yuko pale, mikono imeshafunguka. Mkekani bado haketi, foleni bado anairuka, lakini nyota ni nyota. Mwalimu Mkuu alianza kuwaalika wakuu wa shule nyingine waje kujionea matunda ya sayansi.

"Mkuu, mbona siku hizi watoto wanalia sana?" mwalimu wa darasa aliuliza.

"Watoto hulia. Ndiyo ajira yao."

"Lakini darasani hawalii. Wanakuja kulia chini ya dirisha lako."

Mwalimu Mkuu alitabasamu, akanyoosha ukosi wa gauni lake. "Mtoto hulilia penye huruma, mwalimu. Utakuja kujifunza."

Siku ya kufunga shule wazazi walijaa darasani. Fundi cherehani aliketi nyuma kabisa, vipande vya uzi vimemnasia mabegani, akiutazama mstari wa mwanawe kama mshtakiwa anayeusoma mdomo wa hakimu. Nafasi ilikuwa imebaki moja. Mwalimu Mkuu aliibusu stika, akaibandika, akageuka.

"Mama, mwanao anabaki!"

Makofi yakalipuka. Fundi alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Watoto wakaruhusiwa kutoka kucheza, na Mwalimu Mkuu akaanza hotuba iliyoanzia utoto wake mwenyewe.

Hotuba ilipofika kwenye semina, mwalimu wa darasa alitumwa kumleta Kimbunga apigwe picha. Alilikuta darasa lake lote nyuma ya tangi la maji, limeketi duara, kimya, jambo ambalo hakuna picha iliyowahi kuliweza.

"Mstari umejaa?" Bonge alikuwa akiuliza.

"Umejaa. Nabaki," Kimbunga alijibu. "Sasa basi, hakuna kulia tena."

"Na mimi je?" Msichana mdogo kuliko wote alisimama, mdomo ukimcheza. "Wote mmeshalia! Mlisema leo ni zamu yangu! Dada amenifundisha kulia nyumbani!" Na machozi yakamtoka, ya kweli, makubwa, hadi shingoni.

Kimbunga alitazama huku na huku. Hapakuwa na Mwalimu Mkuu, wala dirisha. Akamsogelea, akamkumbatia.

"Lia tu, mdogo wangu," alisema. "Leo nakubembeleza bure."